Moto Uliopigiwa Makofi

Nshawahi kuaibika mie, msidhani. Nshawahi kuingia harusi ya watu nisiowajua, nikala, nikafungiwa na ya nyumbani, kumbe harusi niliyoalikwa ni nyumba ya pili. Lakini aibu ya leo ni ya namna yake. Leo nimeaibika kwa kupigiwa makofi.

Nnaandika nikiwa nyumbani kwangu Mpendae, kwa kidole cha mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa bendeji. Mkiona herufi zimekosewa, sababu ndiyo hiyo. (Mkiona akili imekosewa, hiyo tokea zamani.)

Kwa msionijua, mie Zuhura, mpokeaji wageni katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Jina silitaji, kwa sababu mpaka dakika hii sijui kama bado nna kazi. Ni nyumba kongwe ya ghorofa tatu, ina uwazi katikati, mkahawa juu ya paa, na ngazi za mbao zilizosimama wima kiasi kwamba wageni wazito huzishuka kinyumenyume. Mbali na mapokezi, mie pia ndiye ofisa wa moto wa hoteli. Msinipe heshima kubwa. Siku ya kuchagua mtu wa kwenda mafunzoni kila mmoja alikuwa na udhuru wake, mie nikachelewa kuutunga wangu.

Nilipofika huko lakini niliyapenda yale mafunzo. Nilijifunza kufunga gesi, kutumia mtungi wa unga, kumtoa mtu ndani ya moshi. Na siku nzima moja tulifundishwa nguo tu. Mwalimu alituambia nguo ya moto inakufa hata ikiwa imetundikwa. Jua linaila, unyevu unaila, chumvi ya bahari inaila. Ikaguliwe mshono kwa mshono, ioshwe kwa sabuni laini bila dawa ya madoa, ianikwe kivulini. Buti likunjwe kwa mikono ili ionekane kama soli inapasuka. Na kila nguo ina umri wake, ukifika inatupwa, hata kama machoni bado nzima.

Sasa sisi nguo za moto tunazo seti moja. Koti, suruali, buti, glavu, na kofia ngumu yenye kioo cha kushusha usoni. Zinakaa kwenye kabati la kioo pale ukumbini, zimevishwa sanamu ya mbao isiyo na kichwa, na taa ndogo inazimulika. Jua la asubuhi linaingia mlangoni linazipiga mpaka linachoka. Wageni wanapiga nazo picha. Zilikuwapo kabla mie sijaajiriwa, na hakuna anayekumbuka ziliingia lini.

Niliporudi mafunzoni nilimfuata meneja wetu, Bwana Talib, nikamwambia zile nguo zinataka kukaguliwa, na naona buti ndizo zimekwisha kabisa.

"Zuhura," alinambia, kwa upole ule wa kumfahamisha mtoto, "kitu hakijavaliwa kitaharibikaje?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, bwana. Hata kiatu cha Sikukuu ukikiweka sana, siku ya kukivaa kinabanduka."

"Basi ndiyo maana tusizivae."

Hapo mazungumzo yakaisha. Sikukata tamaa, nilirudi tena na tena, mpaka akawa akiniona nnakuja anashika simu na kuzungumza na mtu asiyekuwapo. Mara moja tu alizishughulikia. Aliona koti limepauka, akampa dobi alitie dawa ya kung'arisha na kulipiga pasi ya moto. Ile mistari inayong'aa gizani ikageuka rangi ya mkate ulioungua. Bwana Talib akaleta rangi ya fedha, ile ya kupakia mageti, mistari ikachorwa upya kwa brashi. Ukiitazama kwa mbali, mashallah.

Tuje leo.

Leo tulikuwa na ugeni. Kuna kampuni ya nje inayotuletea watalii wengi, ikatuma watu wawili kuja kuangalia usalama wa hoteli. Wakiridhika, wageni wanaendelea kuja. Wasiporidhika, tunabaki tunatazamana sisi kwa sisi. Bwana Talib siku zote hizi alikuwa hapati usingizi. Asubuhi akaniita.

"Leo utazivaa."

"Nguo za moto?"

"Naam. Utasimama hapa ukumbini, karibu na kabati."

"Nikifanya nini?"

"Ukiwa tayari."

Nikamkumbusha kuwa zile nguo si nzima. Akasema hakuna anayenitaka nizime kitu, ananitaka nisimame. Kwa maneno mengine, ile sanamu ya mbao leo ilipewa mapumziko, nikashika zamu mie. (Na ile haina kichwa. Nadhani alitaka mfanano.)

Basi nikavaa. Suruali ilishonwa kwa mwanamme ambaye mie naingia mara mbili ndani yake. Mikanda yake ya mabegani mpira ulikufa siku nyingi, ukiuvuta haurudi. Nikaifunga kiunoni kwa kanga. Chini nilivaa suruali yangu ya mazoezi, ile yenye tundu gotini, na namshukuru Mungu kwa uamuzi huo, mtaona. Miguuni soksi pea mbili ili buti zisichezecheze. Kofia juu ya mtandio. Vyote vinanuka koga. Nilipopiga hatua ya kwanza nilihisi kitu kimebonyea chini ya kisigino, kama nimekanyaga andazi. Nikatazama sakafuni, sikuona kitu.

Wageni wakafika kabla ya adhuhuri. Mama mmoja mrefu mwenye miwani, na mwenzake mwanamme aliyebeba kamera shingoni. Bwana Talib aliwazungusha nyumba nzima, kisha akawaleta mbele yangu. Yule mama akanishika mkono wa koti.

"Ni nzito?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nzito sana."

"Amezoea," akasema Bwana Talib.

(Sijazoea. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye soksi.)

Wakakaa pale ukumbini na watalii wengine watatu wanne, wakapewa juisi ya ukwaju. Chakula kilikuwa kinatayarishwa juu. Mpishi mkuu alikwenda kuswali, jikoni kabaki Rukia peke yake. Rukia ni mpishi msaidizi, mtoto wa Makunduchi. Mama yake ni mkulima wa mwani. Hapa mjini amepanga chumba na wenzake kule Amani. Ni mtaratibu mno. Akivunja sahani, anakuja mwenyewe kusema kabla hujaisikia imevunjika.

Basi nimesimama, niko tayari, nikasikia jina langu. Lilitoka juu, kwenye ule uwazi wa katikati ya nyumba.

"Dada Zuhura."

"Naam."

"Dada, moto."

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayechelea wageni wasisikie. Nikainua kichwa. Rukia alikuwa kwenye kidirisha cha stoo ya jikoni, ghorofa ya juu kabisa, na nyuma ya kichwa chake kulikuwa kweusi.

Nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Talib akiwaambia wageni, "Kaeni, tafadhali, kaeni tu."

Ghorofa ya kwanza nikaimaliza vizuri. Nilipoanza ya pili soli ya mguu wa kulia ikabanduka nusu, ikawa inapiga ngazi nyuma yangu kama ulimi. Nikajikwaa, nikainuka. Hatua chache mbele ikatoka yote. Ya kushoto haikubanduka, ilivunjikavunjika. Ilikuwa inamong'onyoka kama mkate mkavu, na kila ngazi niliiachia kipande cheusi. Mtu angeweza kunifuata kwa kuokota. Nilipofika juu kabisa nilikuwa nna ngozi ya buti miguuni tu, chini ni soksi.

Mlango wa mkahawa uko wazi, jikoni kumejaa moshi. Karai la mafuta lililokuwa jikoni kwa ajili ya sambusa za wageni lilikuwa linawaka moto mrefu, ulimi wake unalamba boriti za paa. Stoo iko nyuma ya jiko, haina njia nyengine ila kupita hapo hapo. Rukia alikuwa ndani. Na upande wa pili wa ukuta kuna nyumba ya watu, na baada ya hiyo nyengine, zimeegemeana hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Mji Mkongwe moto wako si wako peke yako.

Nikashusha kioo cha kofia. Sikuona kitu. Kioo kimepigwa na jua miaka yote hiyo, kimekuwa rangi ya maziwa. Nikajaribu kukipandisha, bawaba imeliwa na kutu, hakipandi. Nikawa nimesimama mbele ya moto mkubwa, nnauona kama mtu anayeitazama taa kupitia pazia. Nikaivua ile kofia nikaitupa nyuma. Nikaisikia inaangukia ngazini, inadunda, inashuka ghorofa moja, inashuka ya pili. (Kwa hiyo kofia ndiyo iliyotangulia kwa wageni.)

Mtungi wa unga uko ukutani, hilo nilikuwa nalisimamia mwenyewe, unakaguliwa. Nikauchukua. Ile pini haitoki. Si kosa la pini. Glavu zilikuwa ngumu kama papa mkavu, vidole havikunji. Nikazivua kwa meno. Pini ikatoka. Nikapiga unga chini ya moto kama nilivyofundishwa, moto ukazama, ukarudi, nikapiga tena mpaka mtungi ukakohoa na kunyamaza, na moto ukanyamaza nao. Gesi bado ilikuwa inavuma. Nikapeleka mkono kwenye kifungio, mkono mtupu, na chuma kile kilikuwa kimeshika moto sawasawa. Nilikifunga. Lakini niliisikia ngozi ya kiganja ikisema neno.

"Rukia."

"Nipo."

"Njoo, shika koti langu, pita upesi."

Akatoka, kajifunika mdomo kwa aproni. Mweupe pepepe kwa unga, na mie mweupe, tumekuwa kama visheti vilivyomwagiwa sukari. Tungecheka. Lakini nikauona mkono wake wa kushoto, kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, umeiva. Alipoona mafuta yameshika moto alijaribu kulitoa karai jikoni, yakammwagikia. Akarudi nyuma, akaingia stoo, moto ukamzibia njia.

Nikafungua bomba la jikoni. Halina maji. Pampu ilikuwa imezimwa tokea asubuhi isije ikawapigia wageni kelele. Bomba lenye maji lilikuwa moja tu, la uani, chini kabisa.

"Tunashuka," nikamwambia. "Mie mbele, wewe nyuma. Ukiteleza uniangukie mie."

Nia njema ile. Ila soksi zangu zilikuwa zimeshalowa mafuta.

Ghorofa ya pili tuliishuka vizuri. Ngazi za mwisho, zile zinazotazamana na ukumbi, niliziona zote kwa mpigo, maana niliketi kwenye ya juu na nikashuka mpaka ya chini bila kusimama kwenye hata moja. Kanga ikafunguka njiani. Suruali ya moto ikateremka, ikashikwa na buti chini ya magoti yangu. Nikaishia sakafuni, kichwani kofia hamna ila mtandio upo, mweupe kama mzimu, suruali ya mazoezi yenye tundu inaonekana na watu wa mabara manne, na ile kofia imekaa pembeni inanisubiri.

Watu wote wakageuka.

Kisha Bwana Talib akapiga makofi.

Nilidhani amepatwa na wazimu. Lakini alikuwa anatabasamu, meno yote nje, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Akawageukia wageni.

"Hayo mliyoyaona," akasema kwa Kiingereza chake kizuri, "ni mazoezi yetu ya moto. Tunayafanya kwa kushtukiza. Wafanyakazi wenyewe hawajui siku. Na moshi tunatumia wa kweli."

Yule mama mwenye miwani akatoa sauti ya kuridhika, akaanza kupiga makofi naye. Wale watalii wakafuata, mmoja akasimama kabisa. Rukia alikuwa ndiyo kwanza anashuka ngazi ya mwisho, mkono ameufunika kwa aproni, machozi yanachora mistari kwenye unga usoni mwake. Wakampigia makofi zaidi. Bwana Talib akamwendea, akamshika bega.

"Pita huku nyuma, mwanangu, pita," akamwambia kwa Kiswahili, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni.

Rukia akapita. Mtoto mwenye adabu yule. Alipopita mbele ya wageni aliinamisha kichwa kama anayeomba radhi.

Nikainuka. Nikaipandisha suruali, nikaishika kwa mkono wa kushoto. Nikamwendea yule mama.

"Hayakuwa mazoezi," nikamwambia. "Ulikuwa moto. Yule dada ameungua."

Akanitazama. Kisha akacheka, mkono kifuani, kicheko kizuri cha mtu aliyefurahi kikweli. Akamwambia mwenzake, "Mpaka sasa hajaacha kuigiza."

"Mama, nakwambia kweli. Tazama." Nikamwonesha kiganja.

Akakishika, akakisogeza karibu na miwani. "Hata vidonda," akasema. "Mmevipaka na nini?"

Nikainua mguu nikamwonesha buti lisilo na soli, soksi nyeusi kwa mafuta. Yule mwanamme akapiga picha. Akaniomba niinue mguu kidogo zaidi, mwanga ulikuwa upande wa pili.

Jamani, mie kazi yangu ni kusema na wageni. Nnawaambia maji ya moto yatakuja wananiamini, na hayaji. Nnawaambia muadhini hatoi sauti kubwa wananiamini. Leo nimesema kweli tupu, nna ushahidi mkononi na mguuni, nikaambiwa muigizaji hodari. Ningebaki pale kubishana, lakini nikamsikia Rukia uani anaugulia, nikawaacha.

Nikamkuta amesimama mbele ya bomba, hajalifungua. Alikuwa hawezi kujitia maji mwenyewe. Nikafungua maji, nikauweka mkono wake chini, na wangu pembeni ya wake. Tukasimama hivyo kama watu wanaotawadha pamoja.

"Dada," akasema, "usiwaambie tena."

"Kwa nini?"

"Watasema nimetia moto hoteli. Nitafukuzwa. Nyumbani wananitegemea mie."

Nikazidisha maji. Bwana Talib akatoka, sasa uso umeanguka, hana tena lile tabasamu. Alikuwa na dawa ya mswaki mkononi.

"Mpake hii."

"Haipakwi dawa ya mswaki. Ni maji tu, mengi, kisha hospitali."

Akauona ule mkono. Nadhani mpaka hapo alikuwa hajauona. Akaitia dawa ya mswaki mfukoni.

"Kwa wale wageni mle ndani," akasema taratibu, "tunakula sote. Wewe, mie, yeye. Wakiandika kwamba hoteli imewaka moto, kesho nani atafungua mlango? Ningefanyaje, Zuhura?"

"Ungempa gari."

Gari ya hoteli, akasema, inawapeleka wageni shamba kutazama viungo, imeshawashwa. Akatuelekeza mlango wa nyuma.

Mnaujua Mji Mkongwe, gari haziingii vichochoroni. Tukatembea mpaka barabarani, Rukia mkono kauzungushia kanga yangu iliyoloweshwa, na mie nimeshika suruali, nachechemea juu ya mawe kwa soksi. Muuza duka mmoja akatuona.

"Zimamoto, moto uko wapi?"

"Ushazimika."

"Sasa mbona wewe ndiye unayekimbia?"

Tukapita. Lilikuwa swali zuri.

Hospitali, nesi alitutazama mmoja mmoja. Mie nna koti la moto lenye mistari ya rangi ya mageti, mtandio umejaa unga, miguu soksi.

"Nani mgonjwa?"

"Huyu. Na mie kidogo."

"Na wewe ni nani?"

"Mwokoaji."

Akaitazama tena miguu yangu, akaandika. Hakucheka, Mungu amlipe kheri. Daktari akamsafisha Rukia. Akasema maji yale yamemsaidia sana, kiwiko hakikuguswa, mkono utafanya kazi, lakini alama itabaki. Rukia akauliza kama itaonekana akivaa mikono mifupi. Daktari akasema ndiyo. Basi hapo ndipo alipolia kwa sauti. Kwenye moto hakulia hivyo.

Nikamchukua kuja kwangu, kwa sababu kule Amani chumba ni cha watu wengi na hakuna wa kumwangalia. Njiani nikampigia simu mama yake, Bi Mize.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza yote. Sikuficha na ya makofi.

"Walimpigia makofi," akasema.

"Naam."

"Akilia?"

"Naam, akilia."

"Mpe simu."

Sijui alimwambia nini mwanawe. Nilichosikia ni upande wa Rukia tu: "Naam, mama. Lakini kazi, mama. Naam. Naam." Akanirejeshea simu, akafuta uso kwa mkono mzima.

"Mama amesema waambie," akanambia. "Amesema mwani haujafukuza mtu."

Anuani ya yule mama mwenye miwani nnayo, mie ndiye niliyempangia vyumba. Nikakaa kitandani, nikamwandikia barua pepe kwa kidole kimoja. Nikatia picha ya mkono wa Rukia, kwa ridhaa yake, na picha ya buti zote mbili zimelazwa ubavu, matumbo nje. Nikamwandikia kwamba makofi yake yamepokewa, lakini nguo zile hazifai hata kumvisha sanamu, na dada yule hakupakwa rangi. Nikaipeleka kabla sijaisoma mara ya pili. (Ningeisoma nisingeipeleka. Najijua.)

Hajajibu mpaka sasa.

Aliyepiga simu ni Bwana Talib. Sauti ya furaha.

"Zuhura, tumepita. Wameridhika kuliko hoteli zote. Wanauliza kama lile onesho tunaweza kulifanya kila wakileta wageni wapya."

"Onesho gani?"

"Lenu. Wewe na Rukia. Kuteleza kule walikupenda sana. Buti kesho zilete, ntazitia gundi."

Nikamuuliza kama anataka kujua hali ya Rukia. Akasema ndiyo, ndiyo, alikuwa ndiyo anakuja huko. Nikamwambia. Nikamwambia na kovu. Kisha nikamwambia nguo hazirudi kabatini, na kwamba nimemwandikia yule mama kila kitu, na picha.

Nilimsikia anahema. Kwa muda kidogo nilimhurumia, wallahi, maana najua kwake kuna watoto, na yeye si mwenye hoteli, yeye naye kawekwa hapo asimame, awe tayari.

"Tutazungumza kesho ofisini," akasema.

"In shaa Allah."

Ndipo tulipofika. Kesho nnakwenda. Nitavaa nguo zangu za kawaida, viatu vyangu vyenye soli. Nikirudi na kazi alhamdulillahi, nikirudi bila kazi, huko Makunduchi nasikia wanahitaji mikono ya kufunga mwani, na mie kwa sasa mkono nnao mmoja.

Sasa chekeni, najua mshaanza tokea kwenye suruali. Ila anayetaka kunipigia simu anicheke masikioni, naomba asubiri kesho. Rukia kalala chumba cha pili, kuta zetu nyembamba, na dawa ndiyo kwanza imemshika.